Koufax alijua mechi yake ya mwisho

Mdakaji alionyesha vidole viwili chini ya glavu, yaani mpira wa kupinda. Juu ya kilima anachosimama mrushaji wa besiboli, Sandy Koufax akatikisa kichwa. Mdakaji, John Roseboro, akarudia ishara ileile. Koufax akatikisa kichwa tena.

Ilikuwa Oktoba 14, 1965, huko Minnesota, mechi ya saba na ya mwisho ya World Series, fainali ya besiboli ya Marekani. Dodgers wa Los Angeles, timu ya Koufax, na wenyeji Twins walikuwa wamefungana ushindi tatu kwa tatu. Koufax alikuwa amepumzika siku mbili tu tangu arushe mechi ya tano mwanzo hadi mwisho. Roseboro akainuka, akamfuata kilimani kuuliza kulikoni. Akaambiwa mkono unauma. Mpira wa kupinda unataka kiwiko kizunguke, na siku hiyo kiwiko kilikuwa kimegoma. Wakakubaliana palepale kwamba watawamaliza Twins kwa mpira wa kasi.

Mrushaji akibaki na aina moja tu ya mpira, mpigaji hana haja ya kubahatisha. Twins walijua kinachokuja. Koufax akamaliza awamu zote tisa, akawatoa wapigaji 10 kwa straiki, yaani kila mmoja alishindwa mara tatu akatoka, akaruhusu mapigo matatu tu. Dodgers wakashinda 2–0 na kubeba ubingwa.

Wiki hizi nimekuwa nikirudia picha za mechi ile usiku, watu wa nyumbani wakishalala, na jicho langu haliondoki kwenye kile kiwiko.

Kilichonikaa kooni

Mimi ni mtu wa kandanda kama wengi wenu. Besiboli iliniingia kupitia kwa majirani zetu Waganda. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Marekani kwenye Little League World Series, mashindano ya watoto ya dunia, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka 2022 Dodgers wenyewe wakawasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Nikataka kuijua klabu hiyo, na historia ya Dodgers huwezi kuisoma kurasa nyingi kabla hujakutana na Koufax.

Kisa chake husimuliwa kwa kifupi. Msimu wa 1966 alishinda mechi 27. Kwa wastani aliruhusu mikimbio (ndiyo mabao ya besiboli) 1.73 tu kwa kila awamu tisa, na kwa wasioufuatilia mchezo huu niseme tu kwamba warushaji wazuri hushukuru wakipata tatu. Novemba 18 mwaka huohuo, akiwa na miaka 30, aliita waandishi wa habari hotelini Beverly Hills akawaambia basi, nimeacha.

Aliondoka akiwa kileleni, wanasema. Ni sentensi tamu, na sisi tuliozoea kuwaona wachezaji wetu wakiburuzwa uwanjani hadi mashabiki wao wenyewe wanawazomea, tunaipenda zaidi.

Mimi haikuniingia. Mtu anayeifanya kazi yake vizuri kuliko binadamu yeyote aliye hai haamki asubuhi moja akaiacha. Lazima kulikuwa na jambo kabla ya ile asubuhi.

Daluga kwenye pipa

Kwanza, ile haikuwa mara yake ya kwanza kuacha.

Koufax alizaliwa Brooklyn mwaka 1935. Mpira wa kikapu ndio ulikuwa mchezo wake, na chuoni Cincinnati alikuwa na ndoto ya usanifu majengo. Dodgers, wakati huo wakiwa bado Brooklyn, walimpa dola 14,000 za kusaini akiwa na miaka 18. Fedha hizo zikawa pingu. Kanuni ya wakati ule ilisema kijana aliyesaini kwa kitita kikubwa asipelekwe timu za chini kujifunza. Lazima akae kikosi cha kwanza misimu miwili. Kwa hiyo kijana aliyehitaji kurusha kila wiki akakaa benchi akiwatazama wakubwa. Siku alizopewa nafasi alirusha kwa nguvu zake zote, na mpira ukaenda ulikotaka wenyewe.

Hali hiyo ilidumu misimu sita. Ushindi 36, vipigo 40.

Katikati ya hapo kulikuwa na miale. Mwaka 1959 aliwatoa wapigaji 18 wa timu ya Giants kwa straiki katika mechi moja. Naamini miale ya namna hiyo inaumiza kuliko giza tupu, kwa sababu inakukumbusha kwamba kitu kimo ndani yako na hukipati unapokitaka. Mwaka 1960 alishinda mechi nane akapoteza 13. Siku ya mwisho ya msimu ule alichukua glavu na daluga zake akazitupa kwenye pipa la taka.

Mtunza vifaa wa klabu, Nobe Kawano, akaziokota. Akaziweka. Msimu mpya ulipokaribia na Koufax akaamua kujaribu mwaka mmoja zaidi, Kawano alikuwa nazo.

Huyo Kawano nimemfikiria sana. Hakuna takwimu inayomtaja.

Orlando

Kilichofuata ni mazungumzo mafupi kuliko yote yaliyowahi kubadilisha maisha ya mwanamichezo, kwa ninavyojua mimi.

Masika ya 1961, mechi ya mazoezi huko Orlando. Koufax anaanza kama kawaida yake: nguvu nyingi, mpira nje ya shabaha, wapigaji wanapewa njia bure hadi besi zote tatu zimejaa. Mdakaji wa siku hiyo, Norm Sherry, akamfuata kilimani. Akamwambia apunguze. Aache kuutupa kwa hasira, aulengeshe tu, wakiupiga waupige, nyuma yake kuna wenzake saba wa kuudaka.

Koufax akapunguza. Akawatoa wapigaji waliofuata mmoja baada ya mwingine, akaendelea awamu saba bila kuruhusu pigo hata moja. Baadaye Sherry akamwambia jambo la kushangaza: ulipoacha kujilazimisha, mpira ulikuja kwa kasi zaidi.

Sitaki kulifanya jambo hili kuwa muujiza, maana warushaji wenyewe wanalieleza kwa lugha ya mwili. Bega likikazwa, mkono unachelewa. Ukichelewa, mpira unatoka vidoleni kabla au baada ya pale unapotakiwa. Mkono uliolegea una mjeledi. Koufax alikuwa na vidole virefu kupita kawaida, mjeledi huo ulikuwepo siku zote, na kwa miaka sita alikuwa ameukaza mwenyewe.

Mwaka huo wa 1961 alishinda 18 na kuvunja rekodi ya straiki ya ligi yake, iliyokuwa imesimama tangu 1903. Kuanzia hapo hadi mwisho wake ni ushindi 129, vipigo 47. Miaka minne mfululizo, 1962 hadi 1965, kila mwaka alikuwa na mechi moja ambayo timu pinzani haikupata pigo hata moja, na ile ya Septemba 9, 1965 dhidi ya Cubs ilikuwa kamilifu: wapigaji 27 walikuja, 27 wakarudi benchi bila kugusa besi ya kwanza. Mpigaji Willie Stargell wa Pittsburgh alisema kumpiga Koufax ni kama kunywa kahawa kwa uma.

Mkono mfupi wa koti

Agosti 1964, mjini Milwaukee, Koufax alikuwa amefika besi ya pili kama mkimbiaji. Mrushaji wa upande wa pili akageuka kumvizia. Koufax akajitupa kurudi kwenye besi, akaangukia kiwiko cha kushoto.

Naye ni mashoto.

Alicheza tena wiki iliyofuata, akashinda, akawatoa 13. Asubuhi yake mkono haukunyooka. Daktari wa klabu, Robert Kerlan, akasema ni baridi yabisi iliyotokana na kuumia, na kwamba ugonjwa huo hauponi. Masika ya 1965 aliamka siku moja akakuta mkono umevilia damu, mweusi.

Hapa ndipo niliposimama muda mrefu katika kusoma kwangu, kwa sababu najua watu wanaoishi hivi na hawajashinda kombe lolote.

Kabla ya mechi walimpaka dawa ya kuchua iliyotengenezwa kwa pilipili, kali kiasi kwamba wenzake hawakuweza kukaa karibu naye bila macho kutoka machozi. Alimeza vidonge vyenye kodini vya kutuliza maumivu. Alimeza Butazolidin, dawa ya uvimbe ambayo madaktari wa farasi wa mashindano wanaijua vizuri. Mara kwa mara alichomwa kotizoni ndani ya kiungo chenyewe. Mechi ikiisha, anakaa kwenye kiti, kiwiko ndani ya beseni la barafu, mkono umevishwa kipande cha mpira wa tairi la ndani ili ngozi isiungue kwa baridi. Ndivyo waandishi walivyomkuta baada ya kila ushindi, wakamwuliza maswali ya mpira.

Kiwiko kilikuwa kinajikunja na kubaki hivyo. Kunyoa ndevu kukawa kazi, maana uso ndio ulipaswa kuufuata mkono. Fundi cherehani wake alilazimika kupunguza mkono wa kushoto wa makoti yake.

Katika hali hiyo, mwaka 1965, alishinda mechi 26 na kuwatoa wapigaji 382 kwa straiki, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna aliyekuwa ameifikia katika karne ile.

Kuna jambo jingine la mwaka huo. Mechi ya kwanza ya World Series iliangukia Oktoba 6, siku ya Yom Kippur, funga kubwa ya Wayahudi. Koufax hakucheza. Hakuhubiri wala hakulalamika, hakucheza tu. Don Drysdale akapanda kilimani badala yake na Dodgers wakafungwa 8–2. Nalitaja kwa sababu lilinipa fununu: huyu ni mtu ambaye tayari alikuwa na mahali ambapo mchezo haukuruhusiwa kuingia.

Kaka

Kaka yangu alikuwa winga, ligi daraja la kwanza, klabu ambayo sitaitaja. Goti la kulia lilimsumbua misimu yake miwili ya mwisho. Kabla ya mechi kubwa alichomwa sindano chumbani, akafungwa bandeji, akatoka mbio kama mzima. Siku hizi ana duka la vipuri vya pikipiki, na ngazi anazishuka upande upande, mkono ukutani.

Nilimweleza habari za Koufax tukiwa tumekaa dukani kwake. Alisikiliza hadi mwisho, hata wateja aliwajibu kwa ishara. Nikamwuliza yeye aliamua lini kutundika daluga.

"Dogo, mimi sikuamua. Mechi yangu ya mwisho hata sikuijua. Walinitoa kama dakika ya sitini hivi, nikakaa benchi nakunywa maji, nikijua Jumapili nacheza."

Akageuka kumtafutia mteja cheni.

Mtu mmoja aliyejua

Siku chache baada ya hapo nikakutana na jina la Phil Collier, mwandishi wa gazeti la San Diego. Mwaka 1965, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ile siku ya hotelini, Koufax alimweleza kwamba msimu wa 1966 ungekuwa wa mwisho wake. Collier alikuwa na habari kubwa kuliko zote katika kazi yake, akaiweka kifuani. Hakuiandika mpaka Koufax alipokuwa tayari.

Nilipolisoma hilo, mwaka mzima wa 1966 ukapinduka machoni pangu.

Chukua mgomo wake wa mapema mwaka ule. Koufax na Drysdale walikataa kwenda kambini, wakajadiliana mshahara kwa pamoja, kwa sababu waligundua klabu inamtumia mmoja kumbana mwenzake. Wakati ule wachezaji hawakuwa na haki ya kuhama timu, na walitukanwa kuwa wana tamaa. Mwisho Koufax akapata dola 125,000 na Drysdale 110,000. Wote waliona nyota wawili wakidai pesa. Mmoja wao alijua kwamba ule ni mkataba wake wa mwisho kusaini.

Kisha Kerlan akamwambia, kabla ya msimu, kwamba wakati wa kuacha umefika. Koufax akaenda kucheza. Alianza mechi 41 akamaliza 27 mwenyewe. Nilikuwa nikizisoma takwimu hizo kama ushahidi kwamba bado alikuwa na miaka mingi mbele. Sasa naona mtu anayetumia akiba yote kwa makusudi, kwa sababu hana mpango wa kubakiza.

Oktoba 2, 1966, Philadelphia, siku ya mwisho ya msimu, Dodgers walihitaji ushindi kutwaa ubingwa wa ligi. Koufax akapanda, tena kwa mapumziko ya siku mbili. Hadi awamu ya tisa ilikuwa 6–0. Phillies wakarudisha mikimbio mitatu. Hakutolewa, akamaliza mwenyewe, 6–3.

Siku nne baadaye, kwenye World Series, wenzake waliangusha mipira ya kawaida kabisa nyuma yake, Willie Davis peke yake akikosea mara tatu katika awamu moja. Aliyewashinda upande wa Baltimore alikuwa Jim Palmer, kijana wa miaka 20. Dodgers walilala 6–0, kisha wakapoteza mechi zote nne.

Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Kilele gani hicho? Alifungwa sita bila, mkono unawaka, na mashabiki wakirudi nyumbani wakisema tutaonana mwakani.

Hotelini waliuliza kwa nini. Alisema amechomwa sindano nyingi mno na kumeza vidonge vingi mno, na kwamba ana miaka mingi ya kuishi baada ya besiboli na angependa kuiishi akiwa na mwili wake mzima. Nafikiri lile jibu alikuwa amelibeba mwaka mzima, kila mara alipotoa kiwiko kwenye barafu.

Miaka minane

Kuna sehemu ya habari hii inayoniuma, nayo haimhusu yeye.

Julai 1974, mrushaji mwingine wa Dodgers, mashoto vilevile, Tommy John, alikatika ligamenti ya kiwiko akiwa kilimani. Septemba 25 daktari Frank Jobe, aliyekuwa mshirika wa Kerlan katika kliniki moja, alichukua kano kutoka kifundo cha mkono wa kulia, akaitia kwenye kiwiko cha kushoto. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kufanyiwa mrushaji. Alimpa John nafasi moja kati ya mia ya kucheza tena.

John alirudi 1976. Alishinda mechi 164 baada ya upasuaji ule, akaendelea hadi 1989, akiwa na miaka 46. Leo mrushaji akiumia kiwiko, upasuaji huo ndio kitu cha kwanza kutajwa, na jina lake ni Tommy John.

Klabu ileile, mkono uleule wa kushoto, madaktari wa mlango mmoja, na tofauti ya miaka minane. Ugonjwa wa Koufax uliitwa jina jingine, na siwezi kusema kisu cha Jobe kingemfaa. Ila nikiwawaza wawili hawa pamoja ninakosa raha. Uamuzi wake ulikuwa sahihi kwa yale yaliyojulikana siku ile, na yaliyojulikana yalikuwa machache.

Dodgers bila yeye walimaliza nafasi ya nane mwaka 1967. Mwaka 1972 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Watukufu wa besiboli akiwa na miaka 36, mdogo kuliko wote kabla na baada yake. Alijaribu utangazaji wa televisheni, haukumkaa, akaacha mkataba haujaisha. Kati ya 1979 na 1990 alikuwa kocha wa warushaji katika timu za chini za Dodgers, zile timu ambazo kanuni ilimnyima yeye alipokuwa na miaka 19.

Niliporudi dukani kwa kaka na habari za Collier, hakushangaa kama nilivyoshangaa. Yeye anasema Koufax alipaswa kuongeza msimu mmoja: ushindi 27, dola 125,000, nani anaacha hapo? Mimi nasema hata ule wa 1966 ulikuwa wa ziada, daktari alishasema, na mkono haukuwa wa klabu. Tumebishana mpaka saa ya kufunga duka, na tumebishana tena kwa simu. Hatujaafikiana. Goti lake mwenyewe halijambadilisha mawazo.